Kidonge Kabla ya Chai

Mama ndiye aliyeona mwanzo, ila alichokiona alikipa jina silo. Ilikuwa alfajiri ya Novemba 2022, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya mahamri, na nazi ya pili ikanishinda. Mkono haukuuma. Ulisita tu, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mama akanigeukia kwa mwanga wa balbu ya jikoni, akanitazama machoni kitambo, kisha akacheka kimyakimya: "Mato yamekufura. Weye una mimba."

Sina, nikamwambia. Akaendelea kukanda unga huku anatabasamu, kama mtu aliyekwisha kuijua siri na anangoja tu mwenyewe aitoe.

Kumbe nilikuwa na tezi ya shingo iliyozembea. Hilo tulikuja kulijua miezi tisa baadaye, na katikati ya miezi hiyo nilishika mimba kweli, ikatoka ikiwa ya wiki nane. Namwandikia mwanamke aliyeanza dawa ya tezi, anataka mtoto, na namba za vipimo vyake hazishuki ingawa anameza kila siku bila kukosa. Huenda kosa lake liko pale pale lilipokuwa langu, ndani ya kikombe.

Tunakaa Langoni, Lamu. Mama chini, mimi na bwana wangu juu, kwa desturi ya hapa kwamba mume ndiye anayehamia kwa mke. Yeye anaendesha boti ya abiria ya Mokowe, ng'ambo ya bara. Mimi na mama tunapika mahamri, kilo tano za unga kila alfajiri isipokuwa Ijumaa, na ikifika saa kumi na mbili u nusu sinia ni tupu: mengine yamechukuliwa na hoteli moja ya forodhani, mengine na wasafiri wanaowahi basi ng'ambo. Kwa hiyo siku yangu huanza saa kumi usiku, na huanza kwa chai ya maziwa. Naomba uikumbuke hiyo chai.

Februari Lamu ni joto la kaskazi, watu wanapanda paani kulala wapate upepo. Februari 2023 bwana wangu alitandika mkeka wake juu, nami nikabaki chumbani chini ya blanketi, nimevaa sweta ya kaka yangu aliyesomea Limuru, kwenye baridi. Nywele zilijaa kwenye kitana. Visigino vilipasuka. Choo nilikipata mara mbili kwa wiki, na hedhi ilipokuja ilikaa siku tisa. Sauti ikawa nzito hata mteja mmoja wa simu akaniita kaka. Nilisahau mambo. Mara mbili nilisahau hamira, mahamri yakatoka kama vibao, na mwenye hoteli akayarudisha ndani ya kapu lile lile bila kusema neno. Bora angenitukana.

Mimba ilitoka Mei. Sitaieleza sana. Nilikuwa nimewaambia watu watatu tu, lakini mtaa wetu una vichochoro vya upana wa punda mmoja na siri hupita humo kwa urahisi kuliko punda. Nilipopona kutembea, tumbo langu lilikuwa limekuwa mali ya ukoo. Shangazi alisema ni chango, akaleta unga wa mizizi kutoka Pate, wa kuchemshwa na kunywewa mara tatu kwa siku. Mavyaa alitaka niandikiwe kombe na mwalimu, aya za Kurani kwa wino wa kunywa, nikaenda, nikanywa, zafarani na marashi ya mawaridi. Sitalicheka kombe hata siku moja, kwa sababu yule mwalimu ndiye mtu pekee mwezi ule aliyeniketisha akaniuliza nalala vipi. Rafiki yangu akaninunulia vitamini za nywele. Na kliniki, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza damu nyingi, wakanipa tembe za madini ya chuma.

Mwanamke asiyepata mtoto huku kwetu hutazamwa tumbo. Shingo hakuna anayeitazama.

Aliyeitazama ni kijana mmoja wa zahanati, bado hata ndevu hazijakaa sawa. Nilikwenda kwake Agosti kuongezewa tembe za damu. Badala ya kuniandikia tu, akaniuliza kwa nini nimevaa sweta. Akashika kifundo cha mkono wangu, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima huku midomo inachezacheza. Hamsini na nne. Kisha akanipa gilasi ya maji, akasema ninywe polepole nimeinua kidevu, naye akainama kutazama koo langu likipanda na kushuka. Mama alikuwa pembeni. Aliniambia baadaye alidhani kijana ni mwehu.

Damu yangu ilisafiri kwenda Mombasa. Majibu yakaja baada ya siku nne: TSH 14.6, na pembeni karatasi imeandika kwamba kawaida haizidi nne na kitu.

Kijana alinieleza vizuri ila kwa maneno mengi, na nilipofika nyumbani nikalazimika kumwelezea mama upya kwa maneno yetu. Nikamwambia hivi. Koo lina tezi, mfano wa kipepeo aliyetua chini ya kifundo cha koo, na kazi yake ni kutoa homoni inayoupa mwili mwendo: moyo, matumbo, joto, nywele, yai la mwanamke lipevuke kwa wakati wake. Hiyo tezi ndiyo punda. Mwenye punda anakaa chini ya ubongo, tezi nyingine ndogo iitwayo pituitari, na TSH ni sauti yake akimwita punda atembee. Punda akienda vizuri, mwenyewe husema taratibu. Punda akizembea, mwenyewe hupaza sauti. Namba 14.6 maana yake mwenyewe anapiga makelele mtaa mzima unasikia, na punda amesimama.

Mama akafikiri. "Basi dawa ni ya kumpiga punda?"

La, nikamwambia, dawa ni ya kubeba mzigo badala yake. Kidonge kinaitwa levothairoksini, na ndani yake mna homoni ile ile ambayo tezi ingeitoa. Tezi isipotosha, kidonge kinajaliza.

Nilianza na mikrogramu 50 kwa siku. Nikaambiwa nirudi kupima baada ya wiki sita, na nikakasirika: wiki sita kwa nini? Sababu ni kwamba dawa hii huingia na kutoka mwilini polepole. Nusu yake huchukua kama wiki moja kuondoka, basi kiwango hukawia kutulia, na yule mwenye punda hukawia zaidi kuamini kwamba mzigo umebebwa. Ukipima baada ya wiki mbili utasoma namba isiyokwambia kitu. Nikangoja. Wiki sita: 8.2. Kijana akapandisha hadi 75. Wiki sita nyingine: 7.0.

Yaani dawa imeongezwa kwa nusu yake na namba imeteremka kidogo hivyo. Nywele bado zilikuwa zinatoka. Na kibaya kuliko vyote, kijana alikuwa amenionya mapema kwamba nisijaribu kushika mimba mpaka namba ikae sawa. Tezi iliyolala huchelewesha yai, na mimba ikishika huwa na hatari zaidi ya kutoka. Hakusema kwamba ile ya Mei ilitoka kwa sababu hiyo. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, alisema, na hakuna anayeweza kuapa. Nilimheshimu kwa hilo. Basi mimi na bwana wangu, watu tunaolilia mtoto, tukawa tunatumia kinga ya kupanga uzazi. Mama hakuambiwa. Yako mambo ambayo sakafu moja ya nyumba haitakiwi kuyajua ya sakafu nyingine.

Januari 2024 kijana akaniandikia barua niende Malindi kwa daktari bingwa. Nikavuka Mokowe kwa boti ya bwana wangu mwenyewe, bila nauli, nikapanda basi: Hindi, Witu, Garsen, vituo vya askari, vitambulisho juu. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imeteremka puani. Akasoma karatasi zangu zote tatu, kisha akachukua kalamu aandike 100. Akasita.

"Kidonge wakimeza saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri, daktari. Sikosi."

"Kwa maji?"

"Kwa chai."

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa."

Akaweka kalamu chini. "Na kula je?"

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Kwamba hamri la kwanza kutoka kwenye karai ni langu, lazima nilionje, kama iliki imekolea. Kwamba tembe za chuma nazimeza hapo hapo pamoja na kidonge, nisisahau. Vitamini za nywele vilevile. Kwamba vidonge vyenyewe navitoa vyote kwenye pakiti yake na kuvitia ndani ya mkebe wa iliki, juu ya rafu, karibu na jiko la makaa, ili nivione.

Hakucheka, Mungu ambariki. Akauliza, "Karai la mafuta liko mbali kiasi gani na huo mkebe?" Nikamwonyesha kwa mkono. Kama urefu wa mkono mmoja.

Akanieleza kwa utaratibu, na haya ndiyo ningependa mtu anieleze siku ya kwanza. Kidonge hiki kina wivu. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, na baada yake nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine chochote kuingia. Chai ya maziwa hukizuia, kahawa hukizuia, chakula hukizuia. Tembe za chuma na za kalisi ndizo maadui wakubwa kabisa: hushikana nacho tumboni na sehemu kubwa hutoka hivyo hivyo bila kufika kwenye damu, kwa hiyo zitengane nacho kwa saa nne. Vitamini za nywele nyingi zina bayotini, na bayotini huweza kuvuruga kipimo chenyewe maabara, TSH ikasomeka ndogo kuliko ilivyo, basi hata ile 7.0 hakuwa na hakika nayo. Na vidonge vikae kwenye pakiti yake, pakavu, mbali na joto na jua.

"Dozi sikupandishii," akasema. "Dozi haijapewa nafasi."

Akaongeza kipimo kimoja, cha kingamwili, na kikarudi kimeonyesha zipo nyingi. Maana yake kinga ya mwili wangu mwenyewe imeigeuka tezi kama mgeni na inaila kidogokidogo. Ugonjwa huo una jina la Mjapani, Hakaru Hashimoto, daktari aliyeueleza mwaka 1912. Nilimuuliza kuhusu chumvi, kwa sababu shemeji yangu alikuwa ameshikilia kwamba nimekosa ayodini, na binamu yangu wa Unguja alikuwa amenitumia unga wa mwani nichanganye kwenye uji. Ayodini ndiyo malighafi ya homoni ya tezi, hilo kweli, na mahali inapokosekana watu huota rovu, uvimbe wa shingo. Lakini Kenya chumvi ya mezani hutiwa ayodini kwa sheria tangu miaka ya 1970, na tezi inayoliwa na kinga haiponi kwa kuongezewa malighafi. Ikizidi sana huweza hata kuizidishia ubaya. Mwani nikaambiwa niuache.

Kurudi, basi lilipita Gongoni na Marereni, na dirishani nikaona marundo ya chumvi meupe yanang'aa juani, maji ya bahari yaliyoachwa yakauke mpaka yawe chumvi. Nikamkumbuka shemeji. Samaki kila siku, chumvi jirani, na bado shingo imezembea. Nikacheka peke yangu mpaka abiria aliyekaa nami kiti kimoja akaniuliza kama sijambo.

Sasa fikiria shida ya mpika mahamri. Kidonge nusu saa kabla ya chai? Kwa wanaoamka saa kumi na mbili ni rahisi. Mimi ningelazimika kuamka saa tisa na kitu, au niingie jikoni bila chai na bila kuonja, na mimi bila chai ni mtu wa kuogopwa. Nilijaribu siku tatu. Siku ya tatu nililia juu ya unga, nikakumbuka daktari alisema pia usiku huwezekana, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Tunakula baada ya Isha, saa mbili hivi. Basi saa tano. Lakini saa tano mimi ni maiti tangu saa tatu! Ikabidi simu ilie, na simu ikilia saa tano usiku kwenye nyumba ya Lamu yenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na madirisha wazi, majirani wa pande tatu huamka. Mwishowe bwana wangu akachukua kazi hiyo. Yeye huchelewa kulala. Hunigusa bega, hunipa maji na kidonge, nameza nusu nimelala. Asubuhi mara nyingine sikumbuki, namuuliza, anajibu "Umemeza" kwa sauti ya nahodha anayejibu kama amefunga kamba.

Tembe za chuma nikazipeleka adhuhuri. Vitamini za nywele nikamgawia mpwa wangu. Mkebe wa iliki ukarudi kuwa wa iliki.

Wiki sita, dozi ile ile 75, bila kuongezwa hata punje: 3.4. Kutoka 7.0.

Nilipochukua karatasi hiyo, aliyenipa dirishani alitazama namba, akatazama mpaka ulioandikwa pembeni, akasema, "Hongera, uko sawa." Nami nikaamini, mbona nisiamini, karatasi yenyewe inasema. Nikapita forodhani nikanunua halua. Usiku ule mimi na bwana wangu tulikaa juu tukizungumza majina. Nakwambia majina!

Asubuhi nikampigia daktari wa Malindi kumshukuru. Akasema, subiri. Ule mpaka wa kwenye karatasi ni wa kila mtu, mzee wa miaka 70 na kijana wa shule. Kwa mwanamke anayemeza dawa ya tezi na anataka kushika mimba, tunataka chini ya 2.5. Sababu ni kwamba mtoto akiwa tumboni hana tezi inayofanya kazi mwanzoni. Yake huanza kutoa homoni karibu wiki ya kumi na mbili, na hata hapo haijatosha. Kabla ya hapo anategemea ya mama peke yake, na ndiyo majuma ubongo wake unapojengwa. Mimba inapoingia, mahitaji ya mama hupanda haraka, wakati mwingine hata kabla hajajua kama ana mimba. Ukianza safari na 3.4 huna akiba. Akapandisha hadi 100.

Simlaumu yule wa dirishani. Alisoma kilichoandikwa. Ila ningesikiliza hongera yake ningeingia mimba nyingine na tanki nusu.

Ramadhani ya 2024 iliingia Machi, siku chache baada ya dozi mpya. Hapa ndipo watu wengi huvurugikiwa, na sioni wakiambiwa. Usiku wa Ramadhani Lamu ni wa kula. Futari na tende, kisha uji, kisha baada ya tarawehe kuna viazi karai na mkate wa sinia kwa jirani, kisha mtu anapita na kahawa tungu, kisha daku. Ile nafasi ya saa tatu bila chakula huipati labda ulale njaa. Daktari alinipa njia mbili: ama nimeze mapema kidogo kabla ya daku, ama niitenge usiku ile nafasi ya saa tatu kati ya chakula na usingizi kama nitaweza kujizuia. Nikajijua. Nikachagua daku. Saa tisa u nusu nameza na maji, naanza kupasha wali, na chakula chenyewe kinakaliwa saa kumi na kitu. Kwa mara ya kwanza saa zangu za mahamri zikanifaa.

Katika usiku mmoja kama huo, tukingoja ile nusu saa, mama akauliza dawa hii imetengenezwa kwa kitu gani hasa. Alikuwa amelibeba swali hilo moyoni muda mrefu, nikajua anataka kujua kama ni halali. Nikamwambia nilichosoma. Kwamba mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alichukua tezi ya kondoo, akaikamua maji yake akamdunga mwanamke aliyekuwa amevimba na kupoa mwili mzima, na yule mama akainuka, akaishi miaka 28 zaidi. Kwamba siku ya Krismasi 1914 Mmarekani Edward Kendall akaitoa homoni yenyewe, safi, na kufikia 1927 wakemia wakaweza kuitengeneza maabara bila mnyama. Hivi leo kidonge changu hakina kondoo.

"Angekuwa kondoo mimi sina neno," mama akasema, akifunua sufuria. "Kondoo ni halali. Muhimu alitindwa vipi."

Baada ya Idi nilipima. Asubuhi, kabla ya kumeza cha siku hiyo, kama nilivyoagizwa. TSH 1.8. Nikampigia daktari kabla ya kumpigia mume wangu, jambo ambalo amelitaja mara kadhaa tangu hapo. Nikauliza moja kwa moja: sasa tuko sawa, au tuko sawa ya dirishani? Akacheka. Sasa mko sawa. Bwana naye apimwe kwa upande wake, akasema, tusije tukatazama mtu mmoja. Alipimwa. Alirudi kimya siku mbili, kisha majibu yakaja mazuri na sauti ikarudi.

Maagizo yaliyobaki nimeyaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa kabati, maana nikianza kufurahi nitasahau. Vitamini ya foliki kila siku kuanzia sasa, mikrogramu 400, kabla hata ya mimba, na iwe peke yake au mbali na kidonge cha tezi kama imechanganywa na chuma. Kipimo cha mkojo kikionyesha mimba, nisingoje miadi ya kliniki. Siku hiyo hiyo niongeze dozi mbili kwa wiki, yaani badala ya vidonge saba niwe nameza tisa, nimpigie simu na nipime damu mara moja. Kisha kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, na mara nyingine karibu wiki ya thelathini. Kila mtu na maagizo yake kwa daktari wake. Haya ni yangu, na hakunipa mpaka alipoona namba zangu zote.

La mwisho limeandikwa kwa herufi kubwa na nimelipigia mstari: USIACHE DAWA. Nimelipigia mstari kwa sababu wameanza. Jirani mmoja, mwanamke mwema kabisa, aliyekaa nami kitako siku zile za Mei, ameniambia mara mbili kwamba nikishika mimba nitupe vidonge vyote, kidonge chochote huharibu mtoto. Namwelewa. Baadhi ya dawa ndivyo zilivyo. Hii ni homoni ambayo mwili ungeitengeneza wenyewe kama ungeweza, na mjamzito akiiacha ndipo mtoto anapokosa. Nimemweleza habari ya punda. Akaniambia punda mjamzito hubebeshwa mzigo mdogo. Sikuwa na jibu papo hapo, na mpaka leo nadhani aliishinda hoja yangu, ingawa ukweli uko kwangu.

Huu ni mwezi wa nne tunajaribu. Hedhi sasa ni siku tano. Nywele za mbele zimeanza kuota, fupifupi, zimesimama kama za kifaranga, siwezi kuzilaza hata kwa mafuta. Sweta ya Limuru imerudi kwa mwenyewe. Arusini wananitazama tumbo, wananiuliza "bado?", nami najibu bado.

Wiki iliyopita nilinunua pakiti mpya. Nikakata vidonge viwili kutoka mwisho wa ukanda kwa mkasi wa ushoni, kwa uangalifu, foili isitoboke, nikaviweka kando kwenye droo. Bwana wangu alikuja usiku kunitafutia kidonge, akaviona.

"Hivi viwili mbona umevitenga?"

"Vya mgeni," nikasema. Nilikuwa nusu usingizini.

Alikaa kimya kitambo. Kisha nikamsikia anavuta droo yote, anaitoa pale dirishani, maana jua la alasiri hufika pale, anaihamishia ukuta wa ndani wenye kivuli. Akarudi na maji.